Sura ya Sita: Machela Iliyokazwa

Mfuko wa Semei Lodu ulifika Juba Ijumaa saa mbili asubuhi, kwenye gari lilelile lililomleta mshukiwa kutoka Torit. Sajini Goretti Kiden alitia sahihi, akaubeba mwenyewe hadi ofisini, akatandaza magazeti mezani kabla ya kuufungua. Ulikuwa mfuko mdogo sana. Angeambiwa ni wa mwanafunzi wa darasa la pili, angekubali.

Akatoa kitu kimoja kimoja na kukiandika. Machela ya kitambaa chembamba, aina ya kufungwa kati ya miti miwili ili mtu alale hewani. Turubai la kuikinga na mvua. Chandarua. Blanketi lililoshonwa lining'inie chini ya machela, upande wa mgongo. Sufuria isiyo na mkono. Kijiko kilichokatwa nusu. Mswaki uliokatwa nusu. Kamba nyeusi nyembamba, na mikanda miwili ya kuzungushia miti. Mwisho, likiwa limeviringishwa peke yake ndani ya gunia, panga.

Kapteni Isaiah, mkuu wake, alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya chai.

"Kitu cha kazi ni hicho," alisema, akilionyesha panga kwa kidevu.

"Halina damu, afande."

"Limenyeshewa siku mbili. Hata mimi ukinianika kwenye mvua ya kule nitakuwa safi."

Goretti hakubisha. Alikuwa na desturi ya kutobisha kabla ya saa sita mchana.

Waliyoyajua yalitosha ukurasa mmoja. Semei, miaka thelathini na minne, alikuwa mpima mvua. Mradi wa maji ulikuwa umemwajiri kuweka vyombo vya kupimia kwenye milima ya Imatong na kwenda kuvisoma, na alikwenda peke yake, katikati ya majira ya mvua, bila hema. Jumatatu ya wiki iliyopita alipanda. Laku, mwendesha boda wa New Site aliyempeleka hadi kijiji cha mwisho, alipaswa kumngoja hapo mpaka Jumamosi. Jumamosi ikapita. Jumapili Laku alikwenda kumtafuta, na Jumatatu akatoa taarifa kwamba ameikuta kambi chini mlimani, kando ya kijito, haina mtu. Tangu Jumanne watu kumi na wawili chini ya Luteni Rufus walikuwa wanakipekua kijito hicho. Hawakupata hata kiatu.

Siku moja nzima ilipotea kwa habari kutoka mpakani Nimule kwamba Semei Lodu amevuka kwenda Uganda. Alikuwa amevuka kweli, Semei Lodu mwingine, mzee wa miaka sitini na mbili anayekwenda Gulu kutengenezewa meno.

Yalibaki maelezo ya Kapteni. Laku alimkata mteja wake na mto ukambeba. Kamba moja ya machela ilikuwa imekatwa. Goti la Laku lilikuwa na jeraha. Na panga lilikuwepo, ingawa Laku alisema ni la Semei.

"Rufus anateremka kesho saa sita," Kapteni alisema. "Mchele unakwisha na watu wake wawili wana malaria. Akiteremka, huyu kijana anakwenda gerezani na faili linakuwa la mauaji."

"Na kama Semei yuko hai?"

"Siku ya kumi na mbili leo, Goretti. Yuko hai vipi?"

"Sijui, afande. Ndiyo maana nimeuliza."

Kapteni alimaliza chai yake. "Kesho saa sita," alisema, na Goretti akaandika saa hiyo juu ya ukurasa mpya.

Kwenye benchi la ukumbini alikaa Joy, dada yake Semei, mwalimu kutoka Nyakuron. Alikuwa amekaa hapo kila siku tangu Jumanne, na askari wa zamu sasa walimsalimia kama mfanyakazi mwenzao. Alimpa Goretti daftari jembamba lenye jalada la bluu.

"Uliuliza kama aliacha maandishi yoyote. Hili lilikuwa chini ya godoro lake."

Goretti akafungua. Kila ukurasa ulikuwa orodha ya vitu, na mbele ya kila kitu uzito wake kwa gramu; chini, idadi ya usiku aliolala kwenye machela.

"Anapima kila kitu," Joy alisema. "Mama alimkaangia kuku wa safari. Akampima, akamrudisha. Mama hakuongea naye wiki nzima."

"Kwa nini anapima?"

"Anasema mtu anayebeba kilo kumi na tano anaangalia miguu yake. Anayebeba kilo nne anaangalia mlima." Joy alikunja leso yake. "Sajini, Kapteni amesema 'marehemu'. Nimemsikia."

"Kapteni anaongea haraka."

"Na wewe?"

"Mimi bado sijasema neno."

Orodha ya mwisho iliandikwa siku moja kabla ya safari. Jumla yake, bila chakula, ilikuwa kilo tatu na gramu mia tisa na arobaini. Mstari kwa mstari Goretti alilinganisha daftari na meza. Panga halikuwa kwenye orodha. Alilinyanyua kwa mkono mmoja na mswaki uliokatwa kwa mkono mwingine, akakaa hivyo kidogo.

Halafu akaangalia upande wa pili, vilivyo kwenye orodha lakini havipo mezani. Vilikuwa sita. Koti la mvua. Sweta. Chupa ya maji ya lita moja. Kisu kidogo. Filimbi, gramu saba. Na kitu kilichoandikwa "nyuzi za mvua, 2", gramu moja. Mezani, kwenye kamba isiyokatwa, palikuwa na uzi mmoja mwekundu umefungwa ukaachwa uning'inie. Hakuuelewa.

Pembeni mwa orodha, Semei alikuwa ameandika: machela, Scovia, Custom.

Scovia alikuwa Mganda mwenye cherehani mbili na mkeka wa vitambaa, kwenye soko la Custom, nyuma ya wauza mitumba. Alipoiona machela aliacha kukanyaga cherehani.

"Hii ni kitu ya Semei wa Gramu. Mimi ndiye nilishona. Nilishona mara tatu, banange, kila saa anasema bado nzito. Anaenda kupima kwa Mukasa pale, kwa mizani ya dhahabu. Watu wanaleta dhahabu, yeye analeta kijiko." Akaivuta kamba kupitia vidole. Sura yake ikabadilika. "Nani amekata kamba yangu?"

"Umejuaje kwamba imekatwa? Pengine ndivyo ulivyoitoa."

"Nyabo, mimi kila mwisho wa kamba nachoma na moto, isifumuke. Angalia hii, iko ngumu, nyeusi. Sasa angalia hii, inafumuka kama nywele. Hii ni panga."

"Na huu uzi mwekundu?"

"Ya mvua. Walikuwa wawili, mmoja kila upande." Scovia aliishika kamba ikae mlalo. "Turubai iko juu, sawa, lakini kamba inatoka nje ya turubai kwenda kwa mti. Mvua inapiga mti. Maji inashuka kwa mti, inapata kamba, inatembea juu ya kamba kama mtu yuko barabarani, mpaka inaingia kitandani. Unalala kavu saa moja, unaamka uko ndani ya beseni. Sasa unafunga uzi hapa, chini ya turubai. Maji inafika kwa uzi, inashuka na uzi, inaenda chini. Kalas. Semei hawezi kulala bila hiyo uzi. Ni gramu moja lakini alisema ndiyo nyumba yenyewe."

Goretti alimwonyesha picha kwenye simu. Watu wa Rufus waliipiga kando ya kijito kabla ya kufungua kambi: machela kati ya miti miwili, turubai juu yake.

Scovia aliangalia, akaikuza kwa vidole, akacheka kidogo.

"Hii hapana."

"Hapana nini?"

"Imekazwa kama ngoma. Machela inalegea, inafanya tumbo. Mtu anaingia ndani ya tumbo. Hii, ukipanda upande huu, unamwagika upande ile. Semei alinifundisha mimi hapahapa, kati ya nguzo hii na ile ya Mukasa. Huyu aliyefunga hajawahi kulala ndani yake."

"Una hakika?"

"Uliza cherehani yangu."

Kabla ya kuondoka, Goretti aliukunjua mkanda mmoja wa mti kwenye mwanga. Ndani ya mshono wake kulikuwa na nyuzinyuzi za kijivu, nyepesi, kama ndevu za mzee. Zilikuwa kwenye mkanda wa pili pia. Alizichomoa kwa kibanio cha Scovia, akazitia kwenye bahasha.

Luteni Rufus alikuwa akipiga simu ya setilaiti mara mbili kwa siku, saa nne na saa kumi. Saa nne ile Goretti alikuwa amekaa tayari, na bahasha mbele yake.

"Luteni, kwenye miti ya hapo kijitoni kuna ndevu? Za kijivu, zinaning'inia."

"Hapa? Hapa kuna siafu. Ndevu ziko juu, Sajini, ukishapita mianzi, kwenye ukungu. Huko kila mti ni babu."

"Mmetafuta huko?"

"Kwa nini tutafute huko? Kambi ilikuwa hapa." Mvua ilisikika kwenye simu, nzito kuliko sauti yake. "Isitoshe huko hakupandwi sasa. Kuna wenye mvua, wazee wanaoiita na kuizuia, wamepafunga mpaka majira yaishe. Hata wawindaji hawaendi."

"Ukiamua kwenda, unaweza kupatafuta kote kwa siku moja?"

"Kuna mabonde matatu. Nipe wiki, watu hamsini na mchele. Una bonde moja la kunipa?"

"Bado," Goretti alisema.

Alimwita Laku saa saba, uani, si kwenye chumba cha mahojiano. Nyuma ya kituo kulikuwa na miarobaini miwili, hatua sita kati yake. Aliomba pingu zifunguliwe. Askari wawili walivuta angareb, kitanda chao cha kamba, hadi kivulini, wakakaa kutazama.

Laku alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa amevaa fulana ya timu ya mpira na kandambili zisizofanana, na alichechemea. Alikulia Koboko, Uganda, kama Goretti, na walizungumza Kiswahili cha kule.

"Kula kwanza," Goretti alisema, akampa mkate wa kisra na maharage. Alingoja hadi akamaliza. Kisha akampa machela, kamba na mikanda. "Nifungie hapa, kama ulivyoikuta."

"Mama, nimeshasema kila kitu Torit."

"Nimesoma. Sasa nataka kuona."

Laku alizunguka mti na mkanda, akapitisha kamba, akaegemeza mguu mzima kwenye gogo na kuvuta. Alivuta mpaka mti ukatikisika. Kamba ile iliyokatwa, iliyokuwa fupi, ilimsumbua, akaiunga na mkanda wenyewe. Kila alipofunga alizungusha mara tatu, akapenyeza kitanzi chini, akakikaza kwa gumba. Alipomaliza alipiga kitambaa kwa kiganja. Kililia kama ngoma.

Goretti aliishika simu yenye picha kando ya mti. Mizunguko mitatu, kitanzi chini. Akaenda kwenye mti wa pili. Mizunguko mitatu, kitanzi chini.

"Fundo hili wanaliita nini?"

"Halina jina. Tunafungia magunia ya makaa nyuma ya boda."

"Lala."

"Mimi?"

"Unasema mtu alilala ndani yake siku sita. Lala dakika moja."

Laku alipanda kwa makalio, akanyoosha mguu mmoja, na machela ikageuka. Alianguka upande wa pili, juu ya goti lake bovu.

"Boda imepinduka," askari mmoja alisema.

"Abiria yuko wapi?" mwenzake akauliza, wakacheka, kisha wakaona Goretti hacheki.

Alimsaidia Laku kuinuka, akaifungua machela, akaifunga upya kama Scovia alivyomwonyesha, ikalegea katikati kama ganda la ndizi. Akakaa ndani yake mwenyewe, sare na viatu, akainua miguu. Ilimpokea. Akabaki hapo, akiyumba kidogo, akamwangalia Laku kutoka chini.

"Pale wamekaa juu ya angareb," alisema. "Kamba zake zikilegea, unafanya nini?"

"Unakaza."

"Sote tumelala juu ya angareb tangu utoto. Kitanda kikilegea ni kibovu, tunakikaza. Mkono unakwenda wenyewe. Lakini Semei amelala kwenye hii usiku mia moja na kumi, ameziandika zote. Hawezi kuikaza hivi hata akiwa na homa. Hawezi kusahau uzi wa mvua. Hawezi kubeba panga, mtu aliyekata mpini wa mswaki. Na miti ya kijitoni haina ndevu." Alimwonyesha bahasha. "Sikuulizi kama uliihamisha, Laku. Nimekuona ukiihamisha, sasa hivi. Nakuuliza ulikuwa umeikuta wapi."

Laku aliangalia lango, kisha askari, kisha kandambili zake.

"Panga ni la nani?" Goretti aliuliza.

"La kwangu."

"Na kamba?"

"Fundo lililowa. Lilikataa. Nikakata."

"Kipande kilichobaki kiko wapi?"

Goretti alishuka kutoka kwenye machela na kukaa chini, mgongo kwenye mwarobaini, ili wawe sawa. Alingoja. Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anawasha jenereta isiyowaka. Ilikohoa mara nne.

"Mama, wewe hukuwepo pale kijijini," Laku alisema hatimaye. "Ijumaa ile ilinyesha mvua ya mawe. Mtama wote ulilala chini. Jumamosi watu walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba, wanauliza nani amepanda juu, nani amechezea mvua. Na mteja wangu amepanda na vikopo vya kukamatia mvua. Vikopo, mama. Nimembeba mimi, kwenye pikipiki yangu, mchana kweupe."

"Ulipomwendea Jumapili, ulipita wapi?"

"Porini, wasinione. Nikafika juu ya mianzi, nikaiona imening'inia. Haina mtu. Nikamwita mara tatu. Mvua ilikuwa inaongea kunishinda." Alifuta uso kwa mkono wa fulana. "Nikasema, wakikuta kitanda cha mgeni mahali pale, wataniua mimi. Pikipiki wataichoma, nayo si yangu hata, ni ya mjomba. Lakini nikisema amepotea, lazima waende kumtafuta. Basi nikashusha vitu mpaka kijitoni, mahali pasipo na katazo, nikavifunga vizuri. Nilidhani wakija watatafuta kila mahali. Nilifikiri mlima ni mmoja."

"Wametafuta kijito siku nne."

"Sasa najua."

"Kwa nini hukusema ulipokamatwa?"

"Torit waliniuliza nimemuua vipi. Hakuna aliyeniuliza nimemkuta wapi."

Goretti aliandika jibu hilo lote, neno kwa neno. Hakusema kama ni zuri au baya.

"Goti?"

"Niliteleza kule."

"Chupa yake ya maji ulikuwa umeiona?"

"Hapana. Sufuria ilikuwepo, ina chai, imejaa mvua. Chupa hapana."

"Koti la mvua?"

"Hapana."

"Basi aliamka, akavaa sweta na koti, akachukua chupa, kisu na filimbi, akaacha vingine vyote," Goretti alisema, zaidi kwa daftari kuliko kwa Laku. "Hakwenda mbali. Alikwenda kuteka maji. Maji yako upande gani, kutoka kwenye machela?"

Laku alifumba macho. Mikono yake ilishika usukani ambao haukuwepo, ikapinda kushoto.

"Bonde la kati. Unapita mianzi yote, unakuta jiwe kubwa limepasuka. Miti yenyewe iko nyuma ya jiwe. Maji yanasikika mkono wa kushoto, chini, kama ndani ya shimo. Kipande cha kamba kiko kwenye mti wa karibu na jiwe. Sikukifungua."

"Na uzi mwekundu?"

"Sikujua ni wa nini. Nikauacha."

Saa kumi, Rufus alisikiliza bila kukatiza. Kisha akasema kwamba kupanda hapo lazima waombe ruhusa kijijini, na ruhusa itachukua jioni nzima, na mchele uliobaki wenyewe.

"Omba," Goretti alisema. "Sema kitanda kimeshaondolewa, anayebaki ni mtu, na mnakwenda kumshusha. Mtapanda alfajiri. Kitu kingine, Luteni. Mkifika kwenye uzi mwekundu, msimwite."

"Tusimwite? Tumekwenda kumtafuta."

"Ana filimbi. Ya gramu saba. Amekuwa akiipuliza tangu wiki iliyopita na nguvu zimemwishia, kama zipo. Watu kumi wakiita jina lake hamtasikia kitu. Zimeni redio, kaeni chini, nyamazeni nusu saa."

"Nusu saa, kwenye mvua?"

"Yeye amekaa zaidi."

Jumamosi saa nne simu haikulia. Saa tano haikulia. Mvua ilikuwa imefika Juba pia, ikipiga mabati ya kituo, na gari la gereza lilikuwa limesimama uani, dereva amelala na mlango wazi. Kapteni Isaiah alikuja na karatasi ya kumhamisha Laku, akaiweka mezani, na kalamu juu yake.

"Nimeyasoma maelezo yake," alisema. "Mtu anaweza kuhamisha kambi kwa sababu ya woga. Anaweza pia kuihamisha kwa sababu ameua."

"Ni kweli, afande. Kamba itatuambia kama palikuwa na kambi. Haitatuambia zaidi."

"Basi unangoja nini?"

"Saa sita."

Kapteni aliangalia saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini na tano. Hakuchukua kalamu, alivuta kiti akakaa. Mlangoni alisimama Joy, ambaye hakuna aliyemruhusu kuingia wala aliyemwambia atoke.

Simu ililia ikiwa imebaki robo saa. Goretti aliiweka kwenye spika.

"Jiwe lililopasuka tumelipata," Rufus alisema. Aliongea kwa kunong'ona, pumzi ikimkatika. "Tumepata kamba nyeusi kwenye mti. Imekatwa. Na uzi wako upo."

"Unatona?"

"Unatona. Tone moja moja."

"Mmenyamaza?"

"Dakika ishirini sasa. Nilipiga kukuambia hakuna..." Akaacha. Mvua peke yake ilibaki kwenye spika. Kapteni Isaiah aliinama mbele, kiwiko juu ya karatasi yake. Rufus aliporudi, alinong'ona zaidi. "Ngoja. Mtu wangu ameinua mkono."

Walisikia mvua. Walisikia mtu akikohoa na mwingine akimnyamazisha. Halafu, mbali sana nyuma ya hayo yote, kitu chembamba ambacho kingeweza kuwa ndege. Mara mbili. Pengo. Mara mbili tena.

Joy alikaa sakafuni, palepale mlangoni.

"Hapa hakuna ndege wa hivyo," Rufus alisema. "Iko chini, kwenye korongo. Tunamshukia. Kuna njia mbili, hii ya mawe ni fupi zaidi."

"Usishuke bado. Usikate."

Goretti alitoka. Mahabusu ilikuwa mwisho wa ukumbi, hatua arobaini. Laku alikuwa amesimama kwenye nondo, kwa sababu alikuwa ameliona gari la gereza.

"Wameisikia filimbi yake," Goretti alisema. "Iko chini ya korongo. Wanataka kushuka kwa mawe."

"Yuko hai?"

"Anapuliza."

Laku alishika nondo kwa mikono miwili, akaweka paji la uso juu yake. Alipoinua kichwa aliongea haraka, kama anayemwelekeza mtu barabarani.

"Si kwa mawe. Mawe yana utelezi kama sabuni, ndipo nilipoanguka mimi, na yeye lazima alianguka hapohapo. Wazunguke kwa mianzi. Ni mbali, lakini kuna mashina ya kushika mpaka chini. Waambie wasiache mashina."

Goretti alirudi mezani. Karatasi ya uhamisho ilikuwa imegeuzwa kifudifudi, na kalamu ilikuwa mfukoni mwa Kapteni.

"Luteni, zungukeni kwa mianzi. Mshike mashina. Mawe ndiyo yaliyomwangusha. Laku anasema."

"Laku nani?"

"Shahidi wangu," alisema. "Na usikate simu."